Kesi ya Ndama Hewani

Goreth alikuwa na sauti iliyotulia, ndiyo maana masista wa zahanati ya misheni pale Litapunga walimkabidhi redio ya mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kuagiza dawa na kuuliza kama mgonjwa amefika Mpanda salama. Ya kuamua kesi hakuambiwa.

Masika ya mwaka tisini na sita, ng'ombe wa Manyanda, mfugaji wa Kisukuma, alipotea akaingia kwenye maharage ya Leonidas, mkulima aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mtoto, kama Goreth mwenyewe. Leonidas alimfunga, akamlisha, na ng'ombe akazalia hapo hapo. Manyanda alipomfuata akaambiwa, "Mama mchukue. Ndama ni fidia ya maharage yangu." Basi ugomvi ukawaka, hadi vijana wa pande zote mbili wakaanza kutembea na fimbo.

Mtu pekee waliyemkubali wote alikuwa Maximilian, bwana mifugo wa zamani. Naye alishahamia Kasansa, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Goreth aliwakuta wakizozana nje ya zahanati.

"Misheni ya Kasansa wana redio," aliwaambia. "Mzee si atawasikiliza akiwa huko huko?"

Sista mkuu alikubali, mradi wasimmalizie betri.

Kesho yake, Maximilian akiwa ameitwa kwenye redio ya Kasansa, Goreth aliwaketisha mbele ya redio yake. "Anayebonyeza hapa ndiye anayesema. Akimaliza anasema ova. Asiyebonyeza, hata apige kelele namna gani, Kasansa hawamsikii."

Manyanda akaanza. Leonidas akadakia, akakumbuka hasikiki, akanyamaza. Hapo ndipo alipopata habari kwamba ugonjwa wa ndigana ulishafagia zizi la Manyanda ukamwachia maksai wawili tu, na wajukuu wake walikuwa wakitegemea maziwa ya ng'ombe yule mmoja. Zamu yake ilipofika, Leonidas alieleza jinsi ndama alivyotanguliza miguu ya nyuma, yeye na mkewe wakavuta mpaka alfajiri. Manyanda akainamisha kichwa. Hilo hakuwahi kuambiwa.

Maximilian akatoa uamuzi, lakini redio ikakoroma: "Ndama... kwa Leo..." Kisha sauti ya Kasansa ikapotea.

"Umesikia? Kwa Leonidas," Leonidas akasema.

"Kasema leo, leo hii arudi kwangu," Manyanda akajibu.

Wote wakamgeukia Goreth. Neno lake lolote lingepita. "Mimi sikusikia," alisema, "na nyie hamkusikia."

Akamwita Verdiana, mtu wa redio wa kituo cha Mpanda, ambaye alikuwa akiipata Kasansa vizuri, amrudishie maneno ya mzee.

"Nimesikia yote," Verdiana akajibu. "Ila mimi naona huyo mkulima..."

"Mama Verdiana, tupe ya mzee. Yako utanipa baadaye. Ova."

Uamuzi ukafika: ndama asitenganishwe na mama yake. Wote wawili warudi kwa Manyanda, naye apeleke maksai wake walime upya shamba la Leonidas. Ng'ombe akizaa tena, ndama huyo ni wa Leonidas.

Walitoka pamoja. Nje, Manyanda akauliza, "Mkeo hajambo? Kuvuta ndama si mchezo."

"Mgongo bado unamsumbua," Leonidas akasema. "Njoo umsalimie."

Wiki iliyofuata, Goreth alikuta watu mlangoni: huyu na mpaka wa shamba, yule na mbuzi. Sista akaguna, akanunua betri ya pili.