Fuateni Kidole

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Nyumba yangu hapa Same mjini, mashine ya kusaga, na nyimbo zinazoimbwa kwenye mazishi kule kwetu Myamba, milimani, vyote nilivipata kwa mikono yangu na masikio yangu. Mikono bado ninayo.

Nota sizijui. Nilitunga nikiwa nasaga mahindi ya watu. Mashine ikishiba inanguruma chini, nzito. Mahindi yakikaribia kuisha sauti yake inapanda, inakuwa nyembamba, na hapo unatakiwa umimine debe jingine. Katika kule kupanda ndipo wimbo uliponijia. Jioni nilimwimbia mke wangu tukila makande. Yeye akaushika, mimi nikausahau. Jumapili alipanda mlimani kuwafundisha wanakwaya wenzake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza, ile nyembamba.

"Nyimbo zako zote," aliniambia, "zinaanza kama mahindi yameisha."

"Na watu wanalia."

"Wanamlilia marehemu. Usijipe sifa."

Masikio yaliondoka na sauti nyembamba kwanza. Ndege, kengele za baiskeli, watoto. Daktari alisema mashine ndiyo iliyoyala. Nikamwambia mashine hiyohiyo imesomesha watoto wangu wote. Nikabaki na sauti nene tu: malori ya barabara kuu, besi ya kwaya, ngurumo ya mashine ambayo naisikia zaidi kwa miguu. Sauti ya mke wangu nayo ikaenda. Akitaka kusema nami ilibidi nimtazame mdomo.

Kisha akaugua tumbo. Hospitali wakaturudisha nyumbani, na maana yake tuliijua wote wawili. Siku moja nikamwona anasema, "Baba, nitungie wangu. Nataka niusikie."

Kwetu jambo hilo halifanyiki. Wimbo wa msiba unatungwa mtu akishafariki, wakati jamaa wanachimba kaburi. Kuutunga mapema ni uchuro, ni kukiita kifo. Lakini aliyeomba ni yeye. Nikapanda Myamba kumwomba mwalimu wa kwaya ateremke na waimbaji wake, waje wamwimbie kitandani. Ni kijana, nilikuwepo akibatizwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Nikamweleza. Akasogea karibu na sikio langu akapaza sauti. "Babu, hapo hapana. Wazee wa kanisa watanitoa. Mama bado anapumua."

"Ndiyo maana nina haraka."

"Akishalala tutauimba wote, babu. Tutauimba vizuri."

"Akishalala atausikilizia wapi?"

Nikateremka.

Basi nikamwimbia mwenyewe. Maneno yalikuwa machache: nimechota, nimejitwika, nifungulieni mlango. Nilifika mwisho, nikamtazama.

"Unazama," akasema.

"Nazama wapi?"

"Kila mahali."

Akacheka, na kile kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Mimi nilikuwa sijui. Ndani ya kichwa changu wimbo ulikuwa umesimama sawasawa. Kumbe kooni ulikuwa unatoka umevunjika, na sina sikio la kuniambia.

Hapo ndipo alipotoa kidole juu ya blanketi. Kikipanda, nipande. Kikilala, nilale. Nilipoanza tu, kikalala palepale.

"Wangu usianze kama mahindi yameisha," akasema. "Anza chini. Kaa huko."

Tulifanya hivyo kila mchana, binti yangu akiwa kwenye mashine, mimi nimevuta kigoda kitandani. Nilikuwa natunga kwa macho. Pale nilipotaka kupanda, kidole kilikataa. Pale nilipotaka kumaliza, kilinyanyuka kikaniburuta mbele zaidi. Sijawahi kufundishwa na mtu, wala sikuwahi kupenda kufundishwa, lakini kile kidole nilikitii. Alipokonda zaidi alikiinua kidogo tu, nikawa nainamia blanketi kukiona.

Mchana wa mwisho alioweza kukiinua nilimuuliza, "Nimefika?"

Akatikisa kichwa. "Bado."

Hakukiinua tena.

Tulimpandisha Myamba. Jamaa walipokuwa wanachimba, mwalimu alikusanya kwaya uani ili niwape wimbo. Nikaimba, mkono nimeuweka mbele, kidole kinapanda na kulala kama cha kwake. Waimbaji wakaanza kutazamana. Mwalimu akanijia sikioni.

"Babu, usinielewe vibaya. Sauti yako na kidole chako haviendi pamoja. Tushike kipi?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia niache sauti yangu. Wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa wananisubiri.

"Fuateni kidole," nikasema.

Tukamzika nyuma ya nyumba ya kwetu, kwenye migomba. Kwaya ikaimba. Nilisikia besi, na udongo ukigonga sanduku. Nikamtazama mwanamke aliyesimama mahali pa mke wangu. Mdomo wake ulifunguka, shingo ikakaza, na mle mdomoni hakikutoka kitu.

Tulipokaa kula, mzee jirani akanigusa bega. Nikamtazama mdomo. "Wa leo haukuanza kama zako."

"Umeanzaje?"

"Umeanzia chini, ukakaa hukohuko."

"Basi ndio wenyewe," nikamwambia. Lakini kama walifika pale ambapo mimi sikufika, aliyekuwa anajua tulikuwa tumeshamfukia.

Binti yangu aliurekodi kwenye simu. Alikuwa akiniwekea sikioni, huku ananitazama usoni aone kama nimesikia. Nasikia besi. Nimemwambia aache.