Kinywaji cha Rangi Tatu na Mtu wa Kukionja

Kiangazi kikikaza huku kwetu Mpanda, mwezi wa tisa kwenda wa kumi, mchana unakuwa mrefu na kila kitu kinaelea. Ng'ombe anaelea, bodaboda inaelea, mtu anayekuja barabarani unamwona miguu haigusi chini. Mapori yanaungua mbali, na moshi wake unalifunika jua mpaka unaweza kulitazama kwa macho, jekundu, limetulia kama kitu kilichotundikwa. Wakati huo ndio ukoo wetu hukutana, maana mazao yako ndani na hakuna anayelima. Wengine wanatoka Sibwesa, wengine Litapunga, wote wanakuja hapa kwangu Ilembo. Na mimi nawatengenezea kinywaji cha rangi tatu.

Sikukibuni mimi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na pombe niliyoijua ni ya mtama, kama alivyonifundisha mama yangu kabla hatujahamia huku na ng'ombe. Kinywaji hiki alikileta binti yangu. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii kule Sitalike. Likizo yake ya kwanza alikuja na chupa ya mvinyo mweupe wa Dodoma, ameizungushia kanga kama mtoto mchanga.

Nikamwambia, "Hiyo ni dawa au manukato?"

Akasema, "Mama, kaa chini. Leo wewe ndiye wa kukaa."

Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukaa jikoni kwangu mchana na mtu mwingine ameshika mwiko. Alichemsha rozela, yale maua makavu mekundu ambayo wengine wanayaita choya, akaweka sukari nyingi, akaacha mpaka maji yakawa mazito, yanashuka kwenye kijiko bila haraka. Akayaacha yapoe. Akamenya maembe ya mwanzo, akayasaga, akayachuja, akatia asali kidogo ya porini. Kisha akachukua glasi. Rozela chini. Barafu. Juisi ya embe juu yake, polepole, pembeni mwa glasi. Halafu akageuza kijiko, akamimina mvinyo kwenye mgongo wa kijiko, na ule mvinyo ukatandaa juu ya embe, haukuzama. Akaweka kipande cha ndimu.

Akainua ile glasi mlangoni, mwanga ukapita ndani. Chini nyekundu kama udongo wa barabara ya Sibwesa, katikati njano, juu nyeupe inayokaribia kuwa hewa. Nikaitazama mpaka nikasahau chungu changu motoni, maharage yakaungua. Mimi sijawahi kuunguza maharage.

"Inakaaje hivyo?" nikamuuliza.

"Kitu kitamu ni kizito, mama. Kinakaa chini. Ukimimina taratibu kila kitu kinajua mahali pake."

Tangu hapo kila kiangazi tulikitengeneza wawili. Kwa watoto na kwa jirani yangu, Mwislamu mwenye duka la vyombo mjini, tuliweka maji ya ndimu mahali pa mvinyo. Rangi zilikuwa zile zile.

Sasa hapa lazima nieleze mambo mawili, maana vijana wa siku hizi hawayajui. La kwanza: kwetu, kinywaji cha kulevya hakipewi mgeni hivi hivi. Aliyekitengeneza, au aliyetia mkono wake ndani, anaonja kwanza mbele ya watu, ili wajue hakuna kitu kibaya. La pili: mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mkwe wake. Mume wa binti yangu hajawahi kuniona nikitafuna hata karanga. Akija, anakaa kwenye turubai upande wa barabara, mimi nakaa jikoni nyuma ya nyumba, na salamu inapita ukutani.

"Shikamoo, mayu," anasema huko, kwa Kisukuma chetu, yaani mama.

"Marahaba, baba," nasema huku, nikitazama moto.

Basi kazi ya kuonja ilikuwa ya binti yangu. Alikuwa anabeba sinia mwenyewe, anasimama mbele ya mumewe na ndugu wa mumewe, anagusa glasi kwa midomo tu, juu pale kwenye mvinyo, rangi hazitikisiki. Kisha anampa. Na yule mkwe wangu, mwanaume wa ng'ombe, mikono yake kama mizizi, alikuwa anatazama ile glasi, anaingiza kidole, anakoroga! Inakuwa rangi moja ya matope.

"Wewe! Hiyo siyo dawa ya ndama!" binti yangu alikuwa anapiga kelele, kila mwaka, na watu wanacheka. Mimi huko jikoni nafunika mdomo kwa kanga nisisikike. Ninapokumbuka, viangazi vile vinakuja pamoja, sijui upi ulikuwa upi. Nakumbuka kelele ile na jua jekundu ukutani.

Aliugua masika moja, akafa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kiangazi kilichofuata sikutengeneza chochote na mkwe hakuja. Mwaka jana akampigia simu mdogo wangu wa Sibwesa, maana mimi hawezi kunipigia. Alisema atakuja na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na atakuja na mke mpya aliyemwoa. Mdogo wangu akaniletea habari hiyo kama mtu aliyebeba yai.

"Dada, utamkaribisha?"

"Nyumba yangu haina mlango wa kufungia watu," nikamwambia. Lakini nililala vibaya. Kwetu mkwe aliyefiwa akija na mke mpya, ukweni wanampa kinywaji. Akinywa, yeye bado ni mtoto wa hapo, na yule mke anaingia penye nafasi ya marehemu, na watoto wanaendelea kuja kwa bibi yao. Akiondoka hajanywa, hakuna aliyemfukuza, ila harudi. Na mjukuu wangu naye angekuwa mtoto wa watu wengine, wa kusikia habari zake tu.

Siku ile nilichemsha rozela tangu asubuhi. Harufu yake ilijaa nyumba nzima, chachu na tamu, na mvuke ukanifanya nione mtu amesimama karibu na ndoo. Hakukuwa na mtu. Nikaendelea kukoroga.

Walifika jua limeanza kulegea. Mjukuu wangu alikuja mbio mpaka jikoni, amerefuka. Babu yake amekufa zamani lakini utani haukufa, kwa hiyo nikamwambia, "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya jiko?"

"Wewe umeshazeeka, bibi. Niachie."

"Meno yenyewe hujamaliza kuota."

Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, mwembamba, kitenge kipya. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama."

Lile neno mama liliniingia vibaya. Nikajibu, "Marahaba, mgeni. Karibu kiti."

"Nisaidie kumenya maembe?"

"Mgeni hafanyi kazi. Kaa."

Akakaa. Baadaye akaona naosha glasi, akanyanyuka. "Hizo nipe mimi, mama."

"Kaa, mgeni."

Nilimwambia hivyo kila aliponyanyua mkono. Kwa sauti ilikuwa heshima. Yeye alijua siyo heshima, nami nilijua anajua. Alikaa pale mikono mapajani, anatazama rangi zikipanda ndani ya glasi moja baada ya nyingine, macho yamepanuka kama yangu siku ile ya maharage. Hilo nililiona, nikajifanya sikuliona.

Jirani yangu alikuwa ameleta barafu kutoka kwenye friji ya dukani. Yeye na mdogo wangu wakabeba sinia mpaka kwenye turubai, wakarudi kukaa nami. Kisha kaka mkubwa wa mkwe akakohoa, akasema kwa sauti ya upole, "Jamani, kinywaji kizuri sana hiki. Sijui kina mwenyewe?"

Maana yake: nani anaonja?

Nilikuwa nimefikiria rozela, maembe, barafu, kijiko. Hilo sikulifikiria. Kwenye kichwa changu, mle ndani ambamo viangazi vyote vimechanganyika, binti yangu alikuwa anatoka na lile sinia kama kawaida.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Toka ukaonje, maembe umeyachuja wewe."

"Dada, mimi nimeokoka. Tangu Pasaka."

"Uliokoka Pasaka, na mwezi wa saba kwenye harusi ulikunywa nini?"

"Ile nilikuwa nimekosea glasi."

"Mpaka ukacheza?"

Jirani akainua mikono kabla sijamtazama. "Mimi barafu yangu nitaionja mpaka iishe. Huko juu kwenye mvinyo msinipandishe."

"Naonja mimi!" mjukuu akasema.

"Wewe utaonja fimbo."

Nje walikuwa bado wanangoja. Barafu ilikuwa inayeyuka, nilijua, na rangi zinaanza kulegea kwenye mipaka yake. Mimi siwezi kutoka kunywa mbele ya mkwe. Wao hawawezi kunywa bila kuonjewa. Na mle jikoni hapakuwa na mwanamke mwingine aliyetia mkono kwenye kile kinywaji, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimehakikisha hivyo tangu walipofika.

Yule mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa. Alijua tunangoja nini. Kitenge chake kipya kilikuwa na vumbi la sakafu yangu magotini, pale alipopiga magoti, na hakulikung'uta.

Nikachukua glasi iliyobaki, ile niliyokuwa nimejiwekea ya kunywa peke yangu watu wakishaondoka. Ilikuwa na rozela, barafu na embe, mvinyo bado. Nikamwekea chupa mbele yake na kijiko.

"Njoo umimine."

Akanitazama. "Mimi?"

"Geuza kijiko. Mgongo juu. Usiwe na haraka."

Akaja, akachuchumaa karibu yangu, bega lake likagusa langu. Akainamisha chupa. Mvinyo ukaanguka badala ya kutandaa, ukazama, ukavuta njano juu na nyekundu ikapanda kuifuata, kama moshi unavyopanda porini pasipo upepo. Haikuwa na rangi tatu tena. Ilikuwa na rangi ambayo sijui jina lake.

"Nimeiharibu, mama."

"Umeimimina," nikasema. "Nenda nayo kwa watu. Glasi zile zote zimetoka chungu kimoja na hii. Onja, wakuone."

Alitoka. Mimi nikasogea mpaka kwenye ufa wa mlango, mahali ambapo mama mkwe hapaswi kusimama. Jua lilikuwa limeshuka kwenye kimo cha nyua, jekundu, na vumbi la watu waliopita lilikuwa bado halijashuka, linaelea. Yule mwanamke alisimama katikati yake na glasi yake ya moshi. Hakugusa kwa midomo tu kama alivyokuwa anafanya mwenzake. Alikunywa funda kubwa, akafumba macho, akajipangusa kwa mkono.

"Ni kizuri," akasema. "Kunyweni."

Akachukua glasi kwenye sinia, akapiga goti, akampa mumewe. Mkwe wangu akaishika kwa mikono yote miwili. Akaitazama sana, akainyanyua kwenye mwanga. Watu wake wakangoja. Mimi nikangoja. Nikafikiri, ataiweka chini, atasema ng'ombe wanamsubiri.

Akaingiza kidole, akakoroga.

Maneno yalinijia mdomoni yenyewe, yale ya ndama, nikayabana na meno. Nilikuwa naogopa kimya kitakachofuata pale ambapo ile kelele ilikuwa inakaa.

"Ah! Baba wewe!" yule mwanamke akasema. "Mama wa watu amehangaika tangu asubuhi, unakoroga kama uji?"

Kaka mkubwa wa mkwe akaangua kicheko, na wale wengine. Mkwe naye akacheka, macho yake yamejaa maji, akanywa mpaka chini, mpaka barafu ikagonga meno. Akapaza sauti kuelekea ukutani, "Asante, mayu."

"Haya, baba," nikasema. Nilisema nikiwa nimeshatoka kwenye ule ufa.

Walikunywa, wakaongea habari za malisho na bei ya mahindi. Mjukuu wangu alilala kwenye mkeka jikoni, ulimi mwekundu wa rozela. Giza lilipoanza kuingia yule mwanamke akarudi na sinia la glasi tupu, akaliweka karibu na mlango, taratibu, kisha akasogea kwenye kile kiti cha mgeni na kutaka kukaa.

Nikamwambia, "Unakaa? Na vyombo hivyo umemwachia nani?"

Akasimama hapo hapo, akakunja kitenge, akavuta ndoo.