Mzee wa Stetasi aanza kuandika kirefu, mkewe hayupo kusoma

Saa mbili asubuhi. Pasi bado haijapata moto, na dobi amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi, simu mkononi, anaandika kwa kidole gumba. Anaandika sentensi, anaifuta. Anaigusa pasi kwa ncha ya kidole kilicholowa maji, inalia tsss, basi anaweka simu chini na kuvuta shati la kwanza.

Anaanza na kola, kama siku zote. Kisha mabega, kisha mikono. Kifua kinakuja mwisho, maana ukikitanguliza utakikunja tena. Akishalitundika shati anarudi kwenye simu, anasoma alipoishia, anatikisa kichwa.

"Nimekwama palepale," anasema. "Tangu Jumatatu niko palepale."

Alipokwama ni hapa: jioni moja mkewe alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye benchi la wateja, akaongea kwa muda mrefu. Dobi anavikumbuka viatu, vyeusi, kimoja kimekatika mkanda. Alichosema mama wa watu hakikumbuki hata neno moja.

Na huyu si mtu wa kukosa maneno, jamani. Mtaa mzima unamwita Mzee wa Stetasi. Kwa miaka sita kila asubuhi alikuwa anaweka mistari miwili kwenye simu, na wapo waliokuwa hawanywi chai kabla ya kuisoma. "Shati la bosi na la mlinzi yakifika kwangu yanavuliwa vyeo, yote yanalala chali." Watu hoi. Kesho yake: "Bibie amenuna. Leo hata pasi inaogopa kupata moto." Watu hoi zaidi.

Siku moja alichekea simu mpaka pasi ikatoboa suruali ya bwana harusi, asubuhi ya harusi yenyewe. Dobi akaingia mitini. Aliyekwenda kuomba radhi ni mkewe.

Mkewe huyohuyo ndiye aliyekuwa anamwambia kwamba maneno anayo ila anayamwaga, na kwamba siku moja aandike kitu cha kukaa. Dobi alikuwa na jibu lake tayari: nani ana muda wa kusoma marefu siku hizi?

"Mwenye kukosa muda nilikuwa mimi," anasema sasa. "Yeye anaongea, mimi naangalia kwenye simu nani kaiona stetasi yangu."

Miaka miwili iliyopita mkewe aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Mwezi haujaisha, binti yao wa pekee, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee katika mji mwingine, akapiga simu. Alikuwa na hamu na mama yake. Akaomba atumiwe yale yote baba aliyokuwa akiandika juu yake.

Stetasi ni ya siku moja. Kesho yake inajifuta yenyewe, na dobi hakuwahi kuweka hata moja pembeni. Alitafuta jioni nzima, mpaka kwa wateja akaulizia. Wote walikumbuka kwamba walicheka, hakuna aliyekumbuka walichekea nini.

"Nikamwambia mwanangu hakuna kitu. Akanyamaza. Kile kimya chake bado ninacho."

Ndipo alipofungua blogu. Fundi simu wa jirani alimtengenezea bila kudai pesa, na dobi akamnyooshea mashati ya mwezi mzima. Dobi alidhani ataandika kama maji. Wapi! Aya mbili tu, akagota.

"Mistari miwili unaweza kudanganya," anasema, akigeuza mkono wa shati. "Ukiandika kirefu huwezi. Ukifika aya ya tatu unaulizwa: alisema nini? Alikaaje? Nami sijui. Nilikuwepo, lakini sijui."

Hata hivyo alijikaza, akaandika kwamba mkewe alikuwa akicheka kwa sauti mpaka majirani wanasikia. Alijisifu moyoni. Jioni binti akaacha maneno yake chini ya makala: "Baba, mama hakuwa anacheka kwa sauti. Alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Anayecheka kwa sauti ni shangazi."

Mtu kuchanganya kicheko cha mkewe na cha dada yake! Dobi aliifungia simu kwenye droo wiki nzima, kwa aibu. Alipoitoa, alimpigia binti na kumwomba amsimulie. Binti alisimulia, na makala ikaandikwa upya.

Sasa zipo makala kumi na moja. Wasomaji hawafiki arobaini, na hazimwingizii hata senti. Wateja wa zamani wanamtania kwamba amekuwa mrefu kama foleni ya benki. Anacheka nao, ila mistari miwili hairudii tena. Anasema kuandika kirefu kumemfundisha kusikiliza, na kinachomuuma ni kwamba somo limekuja darasa limeshafungwa. Siku hizi mteja akianza kuongea, anaisimamisha pasi.

Ile jioni ya viatu, anakiri, huenda isiandikike kamwe. Hata binti hawezi kumsaidia hapo, hakuwepo. Ataacha nafasi tupu, aseme wazi: hapa mke wangu aliongea na mimi sikusikia.

"Yule nimeshamchelewa," anasema. "Kuna huyu mmoja. Huyu nataka niandike habari zake akiwa hai, anisahihishe mwenyewe, usoni."

Huyu mmoja yuko likizo, na saa nne hivi anaingia dukani. Anamwamkia baba yake, anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye benchi, anapumua kwa nguvu. Anaanza kueleza habari za bibi mmoja kule kazini anayekataa kuogeshwa na mtu yeyote isipokuwa yeye.

Mkononi dobi ana shati lililobakia kifua, na mwenye shati ameahidiwa kulipata kabla ya saa tano. Simu inalia mezani. Anaigeuza kifudifudi bila kuitazama, anaisimamisha pasi, anachomoa waya ukutani. Anazunguka meza, anaketi kwenye benchi la wateja.

"Haya, mwanangu," anasema. "Anza tena mwanzo."