Magamba Yaliyodondoka Mbele ya Kadamnasi

Mkasi unapita kwenye kitambaa cha pazia na fundi hainui macho. Mteja aliyeketi karibu na mlango anamtazama, anaitazama simu yake, anamtazama tena. Mwishowe uvumilivu unamwishia.

"Samahani, mama. Si wewe Mama Joka?"

"Ndiye mimi," anajibu fundi. "Pindo unataka pana au jembamba?"

Mteja anaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kimeshatoka. Fundi amezoea. Anasubiri kiishe, kisha anauliza tena habari za pindo.

Jina hilo hakujipa. Alibandikwa mwaka jana ilipotoka filamu ya Mlima Usiolala, iliyotokana na riwaya nene ya wafalme, wachawi na joka moja. Yeye ndiye aliyeshona ngozi ya joka, gamba moja moja, kwa mkono. Wakati huo alikuwa na washonaji wanane chini yake. Leo yuko peke yake na binti yake, na cherehani moja, katika chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa ukuta.

Filamu ilisubiriwa kwa hamu, na ilipotoka wahakiki hawakumung'unya maneno. Mmoja alisifu muziki na mandhari, halafu akaandika kwamba joka lile lilifanana na kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto. Mwingine alisema riwaya imeuawa na muuaji kaacha nyuzi zikining'inia. Mitandaoni ndiyo usiseme. Kipande cha joka likipukutika katikati ya vita kilifika hadi kwa watu ambao hawajaingia sinema maishani mwao.

"Nilikaa na binti yangu safu za mbele," anasimulia. "Joka likatoka pangoni, gamba likadondoka. Likadondoka jingine. Nikasikia mtu nyuma yangu anacheka, halafu ukumbi mzima. Niliona aibu hata kulia nikashindwa."

Binti, anayepiga pasi mapazia yaliyokwisha, anadakia. "Nilimwambia tutoke. Akagoma, eti tukae mpaka majina yapite."

"Langu lilikuwemo. Ningelikimbiaje?"

Kinachouma zaidi ni kwamba magamba yale hayakudondoka kwa uzembe. Yalishonwa yadondoke.

Katika riwaya, joka ni kongwe. Kila likipiga hatua linaacha gamba, na watoto wanalifuata nyuma wakiokota. Fundi alisoma ukurasa huo hospitalini akimuuguza mama yake, ambaye kila asubuhi aliacha nywele kwenye mto. Walikuwa wakisomeana kwa zamu mpaka mama akaishiwa sauti. Alifariki kabla kazi ya filamu haijaanza.

"Nilipoitwa nikasema, hili joka nalijua," anasema. "Nikapachika kila gamba kwa uzi mmoja, tena legelege. Mikono ilikuwa kwenye joka, lakini moyoni nilikuwa namshona mama."

Skripti alipewa kama wengine wote. Hakuifungua. Kitabu alikuwa amekisoma mara tatu, karatasi za nini tena? Laiti angefungua. Waandaaji walikuwa wameigawa riwaya kuwa filamu mbili, na katika sehemu ya kwanza joka ni kijana, nguvu tele. Uzee waliuweka sehemu ya pili.

Karakanani ngozi ilitundikwa ikatulia, kila mtu akaisifu. Ilipovaliwa na wachezaji wawili wakaanza kukimbia nayo uwanjani, ndipo ilipoanza kupukutika. Muda wa kuishona upya haukuwepo. Mwongozaji alisema yatarekebishwa kwenye kompyuta. Yakarekebishwa machache, mengine yakaenda hivyo hivyo kwa watazamaji.

Tangu siku ile ya ukumbini fundi alishikilia jambo moja tu: sehemu ya pili. Humo joka lingezeeka, na ngozi ile ile ingekaa mahali pake. Waliocheka wangeliangalia tena, safari hii kwa huruma. Wiki iliyopita mwongozaji alimpigia simu.

"Akaniambia, 'Dada, tumeachana nayo. Wenye pesa wamesoma wahakiki, wamejitoa.' Nikamuuliza, ni kwa sababu ya joka? Akasema si joka peke yake. Maskini, ana huruma yule. Lakini alinyamaza kwanza, akanyamaza sana, ndipo akajibu."

Kwa maneno mengine, ngozi yake ilifaa kwa filamu ambayo haitatengenezwa, na haitatengenezwa kwa kiasi fulani kwa sababu ya ngozi hiyo. Fundi analijua hilo vizuri, hahitaji kuambiwa na mtu.

Binti anamtaka ajitetee mitandaoni. "Waambie tu ukweli, mama. Waambie habari za bibi."

"Niwaambie nini? Kwamba sikusoma skripti? Hapo ndipo watacheka vizuri. Na bibi yako nimpeleke akachekwe mara ya pili?"

Binti anarudi kwenye pasi yake.

Anapoulizwa anatumaini nini sasa, fundi anakata uzi wa mwisho wa pindo.

"Natumaini watasahau. Watu hawakawii, mwakani kutakuwa na filamu nyingine ya kuisema. Mimi nitabaki na mapazia yangu, na lile jina litakufa."

"Si ndiyo vizuri, mama?" anauliza binti.

"Vizuri, mwanangu." Anakunja pazia la mteja, analiweka kwenye mfuko. "Ila wakilisahau lile joka, na mama naye ndiyo basi tena."