Picha za Nyumba ya Pangani

Euphrasia Haule hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa tu. Katika duka la mtaani kwao Bladensburg, Marekani, alikuwa akifungua boksi la mayai na kugusa yai moja moja kabla ya kwenda kulipa. Barua yoyote aliisoma mara mbili, na mara ya pili alianzia kwenye maandishi madogo ya chini. Waliomfahamu walimcheka kwa hilo. Wachache tu walijua kwamba mwaka 1994 aliletwa Marekani na familia moja iliyomwahidi masomo ya jioni, ikamfanya yaya kwa miaka miwili huku pasi yake ya kusafiria imefungiwa kwenye droo. Akina mama wa kanisani ndio waliomsaidia kutoka katika nyumba ile. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kazi, bali swali alilokuwa akiulizwa baadaye na kila mtu: kwani ulikuwa huoni? Akaapa hataulizwa tena.

Mwaka 2006 alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kazi yake ilikuwa kumtunza mama mmoja wa Oxon Hill aliyeitwa Odessa Whitfield. Mama Odessa alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka sabini na minne, mpiga chapa mstaafu wa serikali, mjane, magoti yamemkataa. Miaka ya sabini alisoma Kiswahili jioni katika chumba cha chini cha kanisa, na hakukiacha tena. Hata bintiye wa pekee alimpa jina la Kiafrika, Binta. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi, na kwa kuwa mwalimu wake alikuwa Mtanzania wa enzi za ujamaa, kila mtu kwake alikuwa ndugu.

"Ndugu Euphrasia," alisema asubuhi moja ya Novemba, magoti yamefunikwa taulo la moto, "mimi ninahitaji jua. Mwezi wa pili ninataka kwenda Tanzania, nikae wiki tatu kando ya bahari. Na wewe utakuja pamoja nami. Tiketi yako nitailipa mimi."

Euphrasia alikuwa anapanga dawa za wiki kwenye kikasha. Hakuinua uso.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa kuna baridi."

"Nauliza kwa nini mimi, Mama Odessa."

"Kwa sababu wewe hujafika kwenu miaka kumi na miwili, na mimi ninahitaji mtu wa kunishika mkono."

Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio uliomtia wasiwasi. Mara ya mwisho mtu kumwahidi tiketi ya ndege, ilimgharimu miaka miwili. Alisema atafikiria. Kisha akauliza hiyo bahari ni ya wapi, na mpango ni wa nani.

Mpango ulikuwa wa Dunstan. Huyu alikuwa Mtanzania wa Muheza, mtu wa makamo, dereva wa teksi, aliyekuja kila Alhamisi kwenye mazungumzo ya Kiswahili maktabani, shati limenyooka na sauti ya upole. Alikuwa amemwambia Mama Odessa kwamba ana nyumba Pangani, hatua chache kutoka ufukweni, anayowapangishia wageni. Alitaka nusu ya kodi itangulie kabla ya Krismasi. Hundi ilikuwa imeshaandikwa, ipo ndani ya bahasha juu ya friji.

"Una picha?" Euphrasia aliuliza.

Zilikuwapo picha sita, zilizochapishwa kwa rangi: nyumba nyeupe, minazi, baraza lenye machela ya kamba, chumba chenye kitanda kikubwa na chandarua. Euphrasia alizitazama hadi chai ikapoa. Yeye alikuwa mtu wa Peramiho, kwenye milima mingi na misa nyingi, bahari aliijua kwa kupita tu. Hakuweza kusema ni kipi kilichokosekana. Lakini nyumba ile ilikuwa safi mno. Hakuna ndoo popote. Hakuna hata kamba ya kuanikia nguo.

"Mwambie asubiri," alisema. "Hiyo hundi usiitoe kwanza."

"Ndugu Dunstan ni mtu mwema."

"Wote huwa wema, mama."

Jumamosi iliyofuata Binta alikuja kutoka Woodbridge. Alikuwa na miaka thelathini na minne, msimamizi katika ofisi ya bima, mwanamke wa maneno machache. Kiswahili alikielewa, maana alilelewa nacho, lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote. Alipoambiwa habari za safari alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, akaangalia picha, kisha akamfuata Euphrasia jikoni na kurudisha mlango.

"Miss Euphrasia," alisema kwa sauti ya chini, "hili wazo lilikuwa la nani?"

"La mama yako."

"Nawe unapelekwa nyumbani bure."

"Nimealikwa. Sijakubali."

"Na mwenye nyumba ni Mtanzania. Mnafahamiana?"

Hapo Euphrasia aliacha kuosha sufuria. Alielewa sasa jinsi mambo yalivyoonekana kutoka upande ule: mtunzaji, mgonjwa mzee, mwananchi mwenzake mwenye nyumba, na hundi juu ya friji. Angekuwa yeye ndiye Binta, angeuliza maswali yale yale, tena kwa ukali zaidi. Kujua hivyo hakukumpunguzia maumivu.

"Mwanangu," alisema, "ni mimi niliyeizuia hiyo hundi. Muulize mama yako. Na kuanzia leo, tiketi yake siitaki. Hata akinipa, siipandi ndege hiyo."

Binta alimtazama kidogo, kama anayepima kama hayo nayo ni ujanja. Akachukua koti lake, akaondoka.

Euphrasia alikaa na picha zile wiki nzima. Alipomaliza kumwogesha Mama Odessa na kumkalisha mbele ya televisheni, alichukua kioo cha kukuzia ambacho mama huyo alisomea magazeti, akazipitia moja baada ya nyingine. Minazi haikumwambia kitu. Mchanga ni mchanga. Siku ya nne, kwenye picha ya chumba, nyuma ya meza ndogo ya kando ya kitanda, aliona soketi ya umeme ukutani. Akasogeza kioo. Soketi ilikuwa na vijitundu viwili vyembamba vya wima na kimoja cha duara chini yake. Aligeuka akautazama ukuta wa sebule ya Mama Odessa. Soketi ya pale ilikuwa ya aina ile ile.

Hakumwambia mtu. Alimwomba tu Mama Odessa amwite Dunstan Jumapili baada ya ibada, na Binta awepo.

Dunstan alikuja na keki. Mama Odessa alimkaribisha kwa heshima zake zote, akamuuliza hali ya familia, kazi na afya kwa mpangilio wa kitabu. Binta alikaa kwenye kiti cha pembeni, koti mwilini. Euphrasia aliweka chai mezani, akaketi.

"Kaka Dunstan," alianza taratibu, "nina swali dogo tu. Simu ya Mama Odessa anaitegemea kwa ajili ya daktari. Chaja yake hii ya hapa, itaingia kwenye ukuta wa nyumba yako kule?"

"Ah, haitaingia, dada," Dunstan alijibu kwa urahisi. "Umesahau kwetu? Kule ni yale matundu matatu makubwa ya pembenne. Mtanunua adapta, hata mimi ninazo."

"Nyumba yako nayo iko hivyo?"

"Nyumba zote, dada."

Euphrasia aliisukuma picha mbele yake, akaweka kioo juu ya ile soketi ya ukutani. Dunstan aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona. Binta alisimama, akaja kutazama naye.

"Hizi picha umezitoa wapi?" Euphrasia aliuliza.

"Kwenye mtandao," alisema Dunstan.

"Na nyumba?"

Alitoa pochi, akachomoa picha ndogo iliyokunjika katikati. Ilionyesha kuta za matofali zilizofika kwenye lenta, bila paa, bila madirisha, na mpapai umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Pagale tupu. Alisema fundi alimhakikishia kuwa miezi miwili inatosha. Alisema nusu ya kodi ingenunua mabati na mbao, na mgeni akifika angekuta kila kitu tayari. Macho yake yalikuwa kwenye keki.

"Na isingekuwa tayari?" Binta aliuliza.

Mama Odessa aliichukua ile picha iliyokunjika, akasema, "Ndugu Dunstan, ungenionyesha picha hii, ningekukopesha mabati. Sasa sijui kama hata mpapai huu ni wako."

Dunstan alikunywa chai yake yote, kwa adabu, akaaga. Alhamisi hakuonekana tena maktabani. Kama pagale lile lilikuwa lake au la mtu mwingine, Euphrasia hakuwahi kujua.

Alidhani safari imekufa, akaona ni afadhali. Lakini Mama Odessa aliacha kula vizuri. Alikaa dirishani akitazama barafu kwenye ngazi ambazo hakuweza kuzishuka, na Kiswahili chake kikapungua mpaka kikabaki salamu. Wiki ya pili ya Desemba Euphrasia alishindwa kuvumilia. Aliingia mtandaoni maktabani, akaandika namba za nyumba nne za wageni za Pangani, akanunua kadi ya simu ya kukwangua. Alipiga akiwa jikoni kwake saa moja asubuhi, kule ikiwa saa tisa alasiri. Watatu wa kwanza walimwambia kila kitu ni kizuri, naye akakata. Wa nne alikuwa mwanamke aliyejitambulisha kama Mwatumu.

"Dada Mwatumu, hapo ulipo, nenda dirishani unieleze unaona nini."

"Nione nini?"

"Chochote."

Mwatumu akasogea dirishani. "Naona mashuka yangu kambani. Kuna kuku. Kuna mkwe wangu, kalala, na kazi nimempa."

"Na bahari?"

"Bahari imetoka, saa hizi hukuti maji ila uende mbali. Yatarudi jioni. Mgeni wako kama ataka kuoga mchana, mwambie mapema asije kunilaumu."

"Umeme?"

"Hukatika. Jenereta ipo, lakini usiku tu. Kwani wewe ni askari, mwenzangu?"

Euphrasia alijikuta anatabasamu peke yake jikoni. Mtu aliyekuwa radhi kusema bahari yake imetoka, huyo angeweza kuzungumza naye. Walizungumza mpaka kadi ikaisha. Siku iliyofuata alimpa Binta namba ile, akamwambia, "Mpigie mwenyewe. Usiamini kwa neno langu tu."

Binta alipiga, kwa Kiswahili cha kuungaunga. Alipiga mara tatu, siku tofauti, saa tofauti, na mara zote Mwatumu alisema yale yale. Kisha akaja Oxon Hill na tiketi mbili, yake na ya mama yake. Yeye angeweza kukaa wiki moja tu, kazi haikumruhusu zaidi. Alisimama mlangoni jikoni, akajaribu kusema jambo kwa Kiswahili, likamshinda, akalisema kwa Kiingereza: alikuwa amekosea, na anaomba radhi, na tiketi ya tatu bado inaweza kukatwa.

"Tiketi nimekata," Euphrasia alijibu. "Ya kwangu, kwa jasho langu. Ndege hiyo hiyo."

Ilikuwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya gari. Lakini alitaka akifika kwao asiwepo mtu duniani wa kusema kwamba alipelekwa.

Februari walishuka Dar es Salaam pamoja. Mama Odessa na Binta wakaenda Pangani, Euphrasia akapanda basi la Songea. Kwao Peramiho alikaa wiki moja. Alifagia kaburi la mama yake aliyefariki yeye akiwa hayupo, akalala katika nyumba ya kaka yake, na wapwa asiowajua walimchunguza kwa macho yale yale aliyoyafahamu, ya kutaka kujua amekuja kufanya nini hasa.

Alipofika Pangani kupokea zamu ya kumtunza Mama Odessa, Binta alikuwa ameshafunga begi. Mama Odessa alikuwa ufukweni, maji yamejaa, ameketi kwenye kiti cha plastiki na mawimbi yanampiga magotini, akimweleza Mwatumu habari za ndugu zake wa Carolina. Mwatumu alikuwa anamsahihisha Kiswahili, naye anabisha.

Gari la kwenda Tanga lilikuwa linasubiri. Binta alimkabidhi Euphrasia mfuko wa dawa. Kabla ya kuuachia aliufungua, akahesabu vidonge vya presha mbele yake, kimoja kimoja. Akasita, akahesabu tena.

Euphrasia hakukasirika. Alipokea mfuko, akaketi kwenye ngazi za baraza, akaanza kuhesabu upya. Binta akaketi kando yake kusubiri amalize.