Marehemu Mke Wangu Alikubali Kuhama

Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023. Siku hiyo ndiyo mke wangu Kapinga alipotia kidole kwenye karatasi ya kuhama.

Alikuwa na miaka miwili kaburini.

Usicheke. Soma kwanza.

Mimi ni Lukusa, wa Kolwezi. Shule niliishia darasa la nne. Mtaa wetu uko pembeni ya shimo la mgodi. Wakilipua mwamba, sufuria zinacheza jikoni.

Nyumba yetu aliijenga Kapinga. Alifyatua matofali mwenyewe, akayachoma mwenyewe, na mimba ya binti yetu Darlène tumboni. Mimba iliyofuata ndiyo iliyomwua. Alikufa maternité, wodi ya wazazi, akingoja damu ambayo bakubwa wa serikali walisema ipo.

Ipo kwenye hotuba.

Kwa hiyo, kampeni ilipofika, nilitaka kitu kimoja tu: matofali ya Kapinga yasiguswe.

Maître Sadrack, wakili na mgombea ubunge wa jimbo, alifanyia mkutano wake kwenye parcelle yangu, kiwanja cha nyumba yetu, kwa sababu ni pana. Jamaa alikuwa na jibu la kila swali. Mama wa soko wakasikia kwamba kodi ya kila asubuhi itaondoka. Vijana wakaambiwa mgodi utaajiri kwanza watoto wa Lualaba, jimbo letu.

Hapo sisi wenye asili ya Kasai, ambao hapa tunaitwa wageni, tukatazamana.

Akaliona lile jicho. Haraka akaongeza kwamba aliyezaliwa hapa ni wa hapa, babu yake awe ametoka wapi. Makofi. Shule bure, uzazi bure, fungu la shaba lirudi mtaani. Makofi tena.

Nikasimama, nikauliza habari ya shimo: likipanuka, tutahamishwa?

Akanishika bega mbele ya wote. "Tata Lukusa, hapa hakuna mutu atahamishwa bila yeye mwenyewe kukubali. Njo musimamo yangu."

Nililia, mimi mtu mzima.

Kisha vikwembe vikatoka, vitenge vyenye sura yake. Jina moja, kidole kimoja, kikwembe kimoja. Kichwani mwa karatasi hapakuwa na neno hata moja. Nani anauliza? Kwetu, kila uchaguzi ni hivyo: chumvi, sukari, fulana, unatia kidole unaenda.

Mimi ndiye niliyeita majina. Nikafikiri, Kapinga angekuwepo, angekosa? Nikamwandika namba mbili, chini yangu, nikamtilia kidole changu cha kushoto. Kikwembe chake nikampa Darlène.

Sadrack akapita. Akawa Honorable, mheshimiwa mbunge.

Mwezi wa tano wakaja watu wa kampuni na rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye milango yetu. Tukaenda mbio ofisi ya commune, serikali ya mtaa. Karani akatutolea karatasi. Vidole vyetu vilevile. Ila juu sasa kulikuwa na maneno ya mashine: sisi wakaaji tumekubali kuhama.

Mama Adolphine, jirani yangu anayeuza unga, akanigeukia. "Weye njo uliita jina yangu, tata. Tena na sauti ya katekista."

Nilikuwa na dawa. Nikakimbia nyumbani, nikaleta cheti cha kifo cha Kapinga, nikakilaza mezani. Karatasi yenu ni ya bongo, uongo mtupu, nikasema, maiti hatii kidole.

Karani akasoma polepole.

"Basi hii kidole ni ya nani?"

Mama Adolphine akanivuta shati. "Sema, tata. Nyumba zetu bote ziko mu kinywa yako."

Nikasema. Ni changu.

Siku nne cachot, mahabusu, kwa kughushi. Walipokagua karatasi, walifuta jina moja tu, la Kapinga. Mengine, walisema, ni ya watu hai.

Na sasa sikia hili. Parcelle aliinunua Kapinga, hati ina jina lake. Kidole changu namba moja hakikuwa na thamani kwa nyumba ile. Mwenye nyumba hakukubali.

Hawakuivunja.

Imesimama peke yake kwenye vumbi. Majirani wametupwa huko njia ya Fungurume, kwenye vinyumba vya mabati, maji mpaka gari lije. Nilimpelekea Mama Adolphine mfuko wa unga. Aliuacha mlangoni. Alisema niwapelekee walionilipa.

Honorable nilimvizia kanisani. Alinishika bega lilelile. "Tata, nilishika neno yangu. Nani alihamishwa bila kukubali?"

Ndugu msomaji, msimamo wa mgombea usiusikilize mdomoni mwake. Utafute kwenye karatasi unayotia kidole. Kama iko tupu, hapo ndipo ulipo.

Honorable anasema karatasi ilikuwa kwa katibu wake. Katibu anasema aliipeleka commune hivyohivyo. Karani anasema ilimfikia ikiwa na maneno.

Nani aliyaandika?