Msiba Haususiwi

Nakumbuka siku ile mwenye mashine ya kusaga hapa Miteja alipomwambia bibi yangu, "Kama hutaki, kasage kwa meno!" Mwanangu, bibi alikuwa kalalamika tu kwamba kila akisagisha, unga wake unapungua. Mwenye mashine aliitwa Mshamu, na mkewe, Somoe, alikuwa shoga yangu tangu utotoni.

Wanawake tukasema basi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kesho yake hakwenda hata mmoja. Tukatoa vinu, tukatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza, na nilijiona mkubwa kweli, msichana nisiye na mvi hata moja! Siku ya kumi Mshamu akaja uani kwetu na wazee wawili, akaomba radhi, akaahidi kila mtu ataondoka na unga wake wote. Bibi akasema, "Nimesamehe. Kesho tunasaga."

Wote wakarudi, mimi nikakataa. Niliona bibi kasamehe upesi mno. Somoe akinisalimu kisimani, natazama ndoo yangu. Alikuwa mjamzito, akajifungua, sikwenda kumpa hongera. Mtoto hakumaliza wiki mbili. Wanawake wakapita mbele ya nyumba yetu wamejitanda kanga, wanakwenda msibani, nami nikaendelea kutwanga. Naona haya kulisema hata leo.

Bibi aliporudi hakukaa kwanza.

"Mjukuu wangu, ulisusia mashine au ulimsusia Somoe? Leo tumezika mtoto. Hatukuzika mashine."

Kwa aibu nilikawia siku nyingi. Nilipojikaza kwenda, walikuwa wamekwishahamia Mtama. Nikamfuata huko huko. Alinipokea vizuri, akanipa maji, akaniuliza habari za safari, akaniita "dada". Hakuniita shoga. Afadhali angenifukuza. Mume wangu nimemzika, watoto wako mbali, na tangu siku ile sijapata mwingine wa kuniita shoga. Upweke huu nimejitafutia mwenyewe.

Sasa nasikia ninyi vijana mnapitishiana maneno kwenye simu kwamba duka fulani lisusiwe. Sikukatazi, mwanangu. Wako watu hawasikii mpaka wakose wateja. Lakini kabla hamjaanza, semeni mnakataa nini, na mwenye duka akifanya nini mtarudi. Akishafanya, rudini, hata kama moyo haujapoa. Bidhaa yake isusieni, salamu yake iitikieni. Mkewe na wanawe hawamo. Na msiba haususiwi. Uwe na haki kiasi gani, nenda ukazike, ugomvi utaukuta ukirudi.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya kukataa dhuluma, na akurudishe kwa watu wako mapema, kabla heshima haijachukua nafasi ya mapenzi.